Vilio Viwili Kando ya Lac

Dorcas na Plamedi,

Baba yenu amesema kuanzia mwezi ujao kazi ya croquis, kuchora njia, ni yenu, na mimi niko retraitée, mstaafu. Chekeni tu. Nina miaka kumi na nane, nimemaliza humanités pédagogiques, masomo ya ualimu, nimepewa darasa la kwanza huko Sakania, na nimekwisha kutembea miaka minne mbele ya camion, lori letu la viti. Wazee wa reli hapa Makomeno wanakaa kwenye veranda kila jioni na kuchosha watoto na hadithi za kazi yao. Leo zamu ni yangu.

Naandika kwa sababu kusema siwezi. Mnanijua. Watu watatu wakinitazama pamoja, sauti inarudi ndani kama konokono. Lakini kwenye daftari langu nasema vizuri, na mengi ya humu nimeyatoa mle. Mtapata namna ya kufika ku lac, ziwani, na kuzunguka kule bila kupotea, na mtapata pia ile siku niliyoshusha viti na bâche yote kwenye kilio kisicho chetu, msiba wa watu wengine, mwili wa kilio chetu ukiwa tayari unatoka morgue, chumba cha maiti. Muzee Ferdinand, dereva wetu, anapenda kuihadithia ile siku, na katika hadithi yake mimi nalia. Sikulia. Nilikosa sauti tu, na hicho ni kitu kingine.

Kwanza kazi yenyewe, maana nyinyi mmezoea kuona viti vikitoka depot na kurudi, hamjui kinachopita katikati. Mtu akifiwa au akioza mtoto, anakuja kwa baba yenu kukodi viti na bâche ya kufunika kiwanja. Amefika kichwa hakiko mahali pake. Ukimwuliza njia, anakuambia kana kwamba tayari uko kwake: "Unafika pa kwa Mama Béa, unakamata kushoto, utatuona." Mama Béa ni nani? Yeye amekaa naye miaka ishirini, anadhani mji mzima unamjua. Kwa hiyo lazima mtu atangulie, aikute ile parcelle, kiwanja chenyewe, kwa macho yake, arudi na croquis: wapi camion inageuka, daraja gani halibebi, waya gani wa umeme umelegea mpaka utakamata viti vya juu. Baba yenu alinichagua mimi kwa sababu nilikuwa nachora mezani badala ya kuzungumza na wageni. Alimwambia mama yangu, "Huyu hasemake, lakini anaonaka." Nilijificha jikoni kwa furaha.

Sasa, katika mitaa yote, quartier ya kando ya lac ndiyo ngumu kuliko zote. Mjini Wabelgiji walipiga njia na rula, ukijua pembe moja unajua kumi. Kule njia zinafuata maji, na maji hayapendi rula. Halafu kuna ng'ambo mbili zinazotazamana. Mtu wa ng'ambo ya pili unamwona mpaka unajua kama amefunga vifungo vya shati, lakini ukitaka kumfikia na camion inabidi upande tena hadi lami, uzunguke kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, ushuke upande wa pili, na wakati wa mvua hiyo ni karibu saa nzima. Kwa miguu ni dakika ishirini. Unavuka juu ya digue, tuta la kuzuia maji, unakata katikati ya mashamba ya mboga, umefika. Camion haiwezi kupita mle. Hata baiskeli, vélo yenyewe, inabebwa.

Kutoka hapa nyumbani mnapanda taxi-bus mpaka mjini, halafu nyingine mpaka arrêt, kituo kinachoitwa Boulangerie. Msiitafute hiyo boulangerie, duka la mikate. Mimi siku ya kwanza niliitafuta mpaka jua likanichoma shingo, nikiona aibu kuuliza, hadi mama mmoja muuza karanga akaniuliza mwenyewe.

"Mutoto, unapita hapa mara ya ine. Unatafuta nini?"

"Boulangerie, Mama."

"Ile ilikufa mbele ya weye kuzaliwa! Jina njo ilibakia."

Toka pale mnachukua moto, pikipiki. Motard, mwenye kuiendesha, hajawahi kukubali kwamba hajui. Mwambie avenue yoyote, hata ya kubuni, atajibu, "Naijua, panda." Mimi nina dawa yake: namwuliza nyumba ya kwanza ya ile avenue ina mlango wa rangi gani. Akijibu haraka, anadanganya, maana hakuna anayekumbuka rangi ya mlango haraka hivyo. Akikuna kichwa na kusema, "Ngoja, ile ya kona... si iko na mabati tu?", panda. Na akikuambia "ni hapa hapa", funga viatu vizuri, utamaliza njia kwa miguu.

Makosa yangu ni mengi, siwezi kuyapanga. Kuna la kichuguu. Mwaka wa kwanza nilimchorea Muzee Ferdinand croquis ya ndoa moja kule, na pa kugeukia nikaweka kichuguu kikubwa kama nyumba. Nilijivunia. Kichuguu hakihami, nilijiambia. Ndoa ikasogezwa mwezi mmoja na nusu, croquis ikabaki ileile. Siku yenyewe tulipita mara mbili, mara tatu, Muzee Ferdinand akasimamisha camion.

"Croquis," aliniita hivyo tangu siku ile, "kichuguu yako iko wapi?"

"Ilikuwa hapa, Muzee."

"Angalia pale."

Alinionyesha ukuta mpya wa matofali mekundu, mrefu, mzuri, bado haujakauka vizuri. Watu walikuwa wamekichimba kichuguu changu, wakakifinyanga na kukichoma. Toka hapo nachora vitu visivyoweza kuliwa, kuchomwa, kuuzwa wala kupakwa rangi. Vibanda vya simu hapana, kila kampuni ikija inapaka yake. Kabini ya umeme ndiyo. Kanisa ndiyo, lakini lile la matofali, si lile la mahema.

Mtaniambia siku hizi kuna localisation kwenye simu, mtu anakutumia mahali alipo. Iko, na itumieni. Ila jueni kwamba mtu aliyefiwa anaituma akiwa popote, morgue, mjini, kwenye gari. Mara moja ilituangusha katikati kabisa ya lac, mahali penye maji ya buluu. Muzee Ferdinand aliitazama simu muda mrefu, akasema, "Basi leo samaki njo bamefiwa."

Huyu Muzee mumsikilize. Aliendesha camion ya mahindi kutoka Lukafu miaka ambayo barabara ilikuwa zaidi maji kuliko udongo, na ndiye aliyenifundisha kusoma njia: mahali magurudumu ya wengine yamekwepa, nawe kwepa, hata kama huoni sababu. Ndiye aliyenifundisha pia kuuliza watu watatu wasiojuana. Mimi nilifanya hesabu yangu: watatu ni wengi mno kwa mtu mwenye haya. Nikawa nauliza mmoja. Halafu nikawa naangalia tu.

Ile siku ilianza hivyo, kwa kuangalia tu.

Ilikuwa Ijumaa ya mvua, ile mvua inayoshuka tangu asubuhi bila kupumzika. Kijana mmoja alikuja depot, amelowa, mke wa mjomba wake amefariki. Jumamosi mchana mwili utatoka morgue, utapita nyumbani, ndugu wauage, halafu makaburi. Alitaka viti mia mbili na bâche kubwa, vyote viwe vimetandikwa kabla ya corbillard, gari la maiti, kufika. Alirudia mara tatu: "Mwili isifike batu banasimama." Kwao ile ilikuwa aibu isiyosahaulika, kumpokea marehemu kiwanja kikiwa kitupu kama soko lililofungwa.

Nilipaswa kwenda kuona parcelle. Nilifika arrêt Boulangerie, nikatazama mvua, motards wote wamejificha, nikarudi. Mjue hivyo, siwafichi. Nilimpigia yule kijana, au tuseme nilimwomba mama yangu ampigie, naye akaeleza: unafika ku lac, avenue ya pili baada ya daraja, utaona matawi. Nilichora croquis nimekaa kitandani, miguu ndani ya blanketi. Ilikuwa croquis nzuri kuliko zote nilizochora, yenye mistari safi, kwa sababu haikuwa imenyeshewa.

Kule kuna madaraja mawili madogo, moja kila ng'ambo. Yeye alikuwa anahesabu kuanzia la mbali, mimi nikachora kuanzia la karibu.

Jumamosi mvua ilikuwa imesimama, mawingu yamebaki. Niliketi mbele na Muzee Ferdinand, wabeba viti wawili nyuma. Tulishuka ku lac, tukavuka daraja, avenue ya kwanza, avenue ya pili, na pale kwenye kona, matawi mabichi yamechomekwa pande zote mbili za njia, kama inavyofanywa penye kilio ili magari yapunguze mwendo na watu wajue. Ndani, akina mama wakilia. Watu wengi wamesimama kando ya ukuta, wengine wamechuchumaa juu ya mawe. Hakuna kiti hata kimoja.

"Njo hapa?" Muzee aliuliza.

Kila kitu kilikuwa kinalingana. Nilishuka ili niulize jina la marehemu, maana ndivyo inavyotakiwa kabla ya kushusha chochote. Mlangoni alikuwa mama mmoja mzee, kitambaa cha kichwa kimefunguka, analia bila sauti. Nikafungua mdomo. Nikafikiri: mtu anasimamaje mbele ya mama anayelia, amwulize ni nani amekufa kwako, kana kwamba amekuja kuuliza bei ya unga? Nikafunga mdomo. Vijana wawili wa pale walikuwa tayari wamekimbilia camion, wanapokea viti kwa mikono miwili. Nikajiambia, unaona, walikuwa wanatungoja.

Nikageuka kwa Muzee, nikainamisha kichwa: ndiyo.

Tulifanya kazi nzuri siku ile, siwezi kukataa. Bâche tuliifunga kwenye mpera na kwenye vyuma vya dirisha, ikakaza vizuri. Viti vikapangwa safu kwa safu, vyeupe. Wazee waliketishwa mbele, babu mmoja mwenye mguu mbovu akashushwa pole pole juu ya kiti akatoa pumzi ndefu. Yule mama wa mlangoni alinishika mkono. Wote walikuwa wanamwita Mama Anastazia.

"Tulikuwa tunaikala chini, mutoto yangu, mu matope. Nani amebatuma?"

"Tonton Norbert," nikalitaja jina la baba yenu.

"Aaah," akasema, na akafikiri, na sikuona kwamba anafikiri. "Mungu amubariki. Atakuwa ule wa famille ya Pweto."

Baba yenu hana ndugu Pweto. Nililijua hilo. Lakini mama mwenye msiba anaweza kusema lolote, nikaliacha lipite.

Simu ya Muzee Ferdinand ililia tumekaa kwenye camion tunakula mkate. Alikuwa yule kijana, na sauti yake niliisikia hata bila simu kuwekwa kwangu.

"Muko wapi? Tunamaliza hapa ku morgue, karibu tutoke! Batu ya ku nyumba banasema hakuna hata kiti!"

"Tulishafika zamani," Muzee akasema. "Tumetandika yote. Batu banaikala."

"Batu gani?"

Nilitazama mbele. Kati ya nyumba mbili maji yalikuwa yanaonekana, na ng'ambo ya maji, avenue nyingine iliyoshuka mpaka ukingoni. Kwenye kona yake kulikuwa na matawi mabichi. Watu wamevaa nyeusi, wamesimama, hawana pa kukaa, wengine wanatazama juu, mawingu. Niliwaona vizuri kabisa. Ningeweza kuwahesabu.

Muzee naye alitazama. Alikata simu taratibu, akavua kofia.

"Croquis. Hii kilio tuliko ni ya nani?"

"Sijue, Muzee."

Hakunipigia kelele. Afadhali angepiga. Alihesabu kwa vidole: kupakia upya, nusu saa, kupanda hadi lami na kuzunguka, saa nzima, na kwenye mteremko wa barrière camion iliyojaa itateleza. Corbillard itatutangulia mbali. Mwili utafika watu wamesimama.

"Na bale ndani?" akasema. "Babu ya mugulu amesha kuikala. Nani atamusimamisha? Mi ni dereva. Croquis ni weye."

Niliingia. Safu zote zilikuwa zimejaa, akina mama wakiimba wimbo wa kanisa, ule wa pole pole. Nilifika mbele ya Mama Anastazia na sauti haikuja. Nilijaribu mara mbili. Basi nikatoa kalamu, nikaandika nyuma ya croquis: Mama, tumekosea kilio, viti si vya hapa, nisamehe. Nikampa.

Aliigeuza karatasi huku na huku, akanirudishia.

"Mi sijue kusoma. Uko na kinywa. Sema."

Wimbo ulikuwa umefika mwisho. Kila mtu alisikia.

"Mama, viti hii... haikukuwa ya hapa. Iko ya kilio ingine, kule ngambo. Mwili yabo inakuya sasa. Ni kosa yangu. Sikuuliza."

Halafu kijana mmoja, yule aliyekuwa wa kwanza kupokea viti, alisimama. Jina lake Trésor, nilikuja kulijua baadaye.

"Yaani mulitukalisha, sasa munatusimamisha? Mbele ya batu? Bafu ba benye mali njo banaliliwaka ku viti, siye tulie na magoti?"

"Trésor," Mama Anastazia akasema.

"Hapana, Mama, aseme! Wa ngambo ni nani basi, amekufa zaidi kuliko Pascal?"

Hivyo ndivyo nilivyolipata jina la kilio nilimokuwa nimefanya kazi asubuhi nzima. Pascal. Mama Anastazia alinitazama.

"Ule wa ngambo anaitwa nani?"

"Bibi wa papa moja. Jina sijue, Mama."

"Ya hapa hukuijua. Ya kule huijue. Sasa weye unajuaka nini?"

Alikuwa anauliza kweli. Nikajibu kitu pekee nilichokuwa nacho.

"Njia."

Mtu mmoja nyuma alicheka, halafu mwingine, na mnajua kicheko cha kwenye kilio, kikianza hakizuiliki, hata babu wa mguu alicheka akifuta macho. Mimi uso ulikuwa unawaka. Lakini mlango ulikuwa umefunguka, na nikasema yote kabla haujajifunga: kwamba camion haitafika kwa wakati, kwamba kwa miguu ni dakika ishirini, digue halafu mashamba ya mboga, kwamba naijua ile njia mpaka mahali pa kuruka mfereji. Kwamba mimi na wabeba viti wawili hatuwezi kuvibeba peke yetu. Na kwamba bâche itabaki hapa, na viti vya wazee vitabaki hapa, hakuna atakayemsimamisha babu.

Bâche ile haikuwa yangu kuitoa. Sikumpigia baba yenu. Alipojua aliniuliza kama niliifunga vizuri kwenye ule mpera. Hayo tu.

Mama Anastazia aliinuka. Aligeuza kiti chake miguu juu.

"Yale mashamba ya mboga, kando ya mufereji, ni ya Pascal," akasema. "Alikuwa anapanda lengalenga. Mutapita kwake. Musimukanyangie." Halafu akageukia watu wake. "Mwenye kichwa abebe. Tumwache ule mwanamuke afike batu banasimama? Iko mutu wa kwetu pia, ni jirani, maji tu njo inatutenga. Trésor, anza."

Trésor alinitazama kwa jicho ambalo sijalisahau. Kisha akapachika viti vitano, kimoja ndani ya kingine, akavitwika.

Tulikuwa kama watu arobaini. Vijana vitano vitano, akina mama vitatu, mimi viwili mbele ili nione njia. Vilivyobaki vilirudi kwenye camion, na Muzee Ferdinand akasema atazunguka navyo pole pole. "Hata nikifika maziko imeisha," alisema, "bataona kama tuko batu ya maana."

Juu ya digue akina mama waliokuwa wanafua walituuliza, "Ndoa?"

"Kilio," mtu akajibu.

"Ya nani?"

Na wote arobaini, viti kichwani, walinitazama mimi. Nikaongeza mwendo.

Kwenye mashamba niliwapitisha mmoja mmoja. Udongo ulikuwa laini na kila mtu aliangalia miguu ya mwenzake. Tulipofika kwenye lengalenga, mchicha wake, nyekundu na kijani, zimesimama vizuri baada ya mvua, kila mtu alipunguza mwendo. Trésor alitua viti vyake, akainua mche mmoja uliolala, akaukandamiza udongo na vidole, akatwika tena. Hakuna jani lililokanyagwa.

Tukatokea penye matawi.

Sasa nisikilizeni, kwa sababu hapa ndipo kazi ilipo. Watu waliosimama pale walitukimbilia, mikono imenyooshwa, vilevile kama wale wa asubuhi. Wanaita, "Huku! Huku!" Kwa mbali, upande wa barrière, niliisikia honi ya corbillard. Trésor nyuma yangu alipumua kwa nguvu, "Sasa tushushe, shingo inavunjika." Na mimi nilikuwa sina uhakika. Asubuhi kila kitu kililingana pia. Kama kilikuwako kilio cha tatu nyuma ya hiki?

Nikasema, "Ngojeni."

Kwenye kizingiti cha mlango alikuwa ameketi mzee mmoja, koti na tai, viatu vimepigwa rangi. Hakuwa amekwenda morgue. Watu walikuwa wanampita kana kwamba ni nguzo. Niliinama kadiri viti vilivyoniruhusu.

"Papa, pardon. Hapa ni kilio ya nani?"

Mtu fulani alishtuka, "Eh! Mutoto gani huyu!" Mzee alinitazama, na nikafikiri, sasa nimemwumiza, ndicho nilichokiogopa miaka yote minne.

"Ya Véronique," akasema. "Bibi yangu. Véronique." Na akaendelea, kana kwamba ameachiwa nafasi: "Tangu juzi batu banakuya, banajua yote, hakuna mwenye kuniuliza. Alikuwa anapima batoto ku maternité. Hakupendaka viti ya plastic, alisema inamukamata mugongo. Tutamuomba pardon."

"Ndiyo, Papa," nikasema. Nikawageukia wengine. "Ni hapa. Shusheni."

Walishusha. Sijawahi kuona viti vikipangwa haraka namna ile, na watu waliokuwa wameacha mfu wao nyumbani. Walipomaliza, akina mama wetu waliketi katikati ya akina mama wa pale, wakaanza upya ule wimbo wa pole pole, na wale wakaupokea, maana ni uleule.

Mzee alikuwa bado mlangoni.

"Na nyinyi? Hamuko ba famille. Munatoka wapi?"

Trésor alikuwa amesimama kando yangu, anajikanda shingo.

"Kwa Pascal," akasema. "Ku ngambo. Yaya yangu, ndugu mukubwa. Amekufa Alhamisi."

Mzee aliinuka, akanyoosha koti lake.

"Pascal alikuwa mutu gani?"

Corbillard ilipogeuka kwenye matawi, kila mtu alikuwa ameketi isipokuwa hao wawili. Walikuwa wamesimama mlangoni, na Trésor alikuwa anamwonyesha kwa mkono, kule mbali kando ya mfereji, mahali lengalenga inapoanza na mahali inapoishia.